Maisha ya Nani?

Watu wakishajua unapenda magari, swali huwa moja: "Ninunue lipi?" Siku hizi najibu kwa swali. Utakaa nalo miaka mingapi? Maana likiwa na kilomita 3,000 hakuna gari baya duniani. Mimi gari nalisoma likishafika miaka kumi, limepita mikono miwili mitatu, kuna siku oili ilicheleweshwa, na kitabu cha sevisi hakijulikani kilipo. Hapo ndipo unapojua waliolitengeneza walikuwa wanamfikiria nani.

Simo kwenye kundi la wanaoapa kwamba magari yaliisha na kabureta, kile kifaa cha zamani cha kuchanganya petroli na hewa. Kabureta nimeishi nayo. Asubuhi ya baridi unavuta choki, unabembeleza, injini inakohoa, petroli inazidi, plagi zinalowa, unashuka kuzifungua na kuzifuta kwa tambara. Nozeli zinazoongozwa na kompyuta zimetuondolea adha hiyo, na injini kufika kilomita 200,000 bila kufunguliwa si jambo la kujisifia tena. Kwenye usalama ndio kabisa sina ubishi. Mkanda wa pointi tatu Volvo waliuleta 1959, lakini mifuko ya hewa, ABS inayozuia magurudumu yasikwame ukifunga breki, na ule mfumo wa kuzuia gari lisiserereke vilichukua miaka mingi kuwafikia watu wa kawaida. Gari la 1985 nalipenda kwa macho. Mwanangu simpandishi kwa safari ndefu.

Ugomvi wangu ni kwamba gari la leo haliharibiki ovyo, ila likiharibika hujui ulishike wapi.

Giaboksi ndiyo iliyonifunza. Nilinunua gari lililotumika, otomatiki, kilomita 140,000, viti safi, rangi haijaguswa. Mwenye gari akaniambia bila wasiwasi kwamba oili ya giaboksi ni ya maisha, haibadilishwi. Ndivyo alivyoambiwa alikolinunua. Nikafungua boneti kutafuta kijiti cha kupimia. Hakuna. Baada ya miezi miwili likaanza kusita likitoka gia ya pili kwenda ya tatu, mshtuko mdogo, kama mtu aliyejikwaa kwenye kizingiti. Fundi akalipandisha juu, akalegeza nati. Oili iliyopaswa kuwa nyekundu ikatoka nyeusi, inanuka kuungua. Aliposhusha sampu, lile sinia la oili la chini, akanionyesha sumaku ndogo zinazokaa humo kunasa vumbi la chuma. Zilikuwa zimeota manyoya, tope la kijivu, laini kama wanja. Akalisugua kati ya vidole, akanitazama.

"Bosi, ya maisha ya nani?"

Sijapata bado jibu zuri kuliko swali lile. Maisha yanayohesabiwa ni ya waranti, basi. ZF, Wajerumani wanaotengenezea kampuni nyingi giaboksi, wanashauri oili yao ya otomatiki ibadilishwe kati ya kilomita 80,000 na 120,000, au isizidi miaka 8. Aliyeiunda giaboksi anasema badilisha. Anayekuuzia gari anasema usiguse. Kwa maoni yangu sababu ni nyepesi: sevisi ikiwa chache, gharama za miaka mitatu ya mwanzo zinapendeza kwenye karatasi. Mwaka wa nane ni shida ya mtu mwingine. Mtu huyo mwingine ndio mimi na wewe.

Injini nazo ni hivyo hivyo. Sheria za moshi zimebana, kwa hiyo silinda 3 za lita 1.0 zinafungwa tabo, feni ya kusukumia hewa ndani ya injini, zifanye kazi iliyokuwa ikifanywa na lita 1.6 au zaidi. Kwenye karatasi ni sawa, na barabarani zinakimbia kweli. Lakini shafti ya tabo huzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika ikiwa imeelea juu ya utando wa oili. Mmiliki wa tatu, mwenye kuvuta sevisi mpaka mwezi ujao, ataiua. Halafu petroli siku hizi inapuliziwa ndani ya silinda moja kwa moja. Zamani ilipuliziwa nyuma ya valvu, ikawa inaziosha ikipita. Sasa zinapata mvuke wa oili tu, na masizi yanaganda hadi injini inapumua kwa tabu. Toyota waliliona hilo, na kwenye baadhi ya injini wakaweka nozeli za aina zote mbili. Na kuna waliochukua mkanda wa taimingi, kitu cha mpira, wakautumbukiza ndani ya oili ili kupunguza msuguano. Mpira ukianza kumeguka, vipande vinaziba chujio la pampu na injini inakosa oili. Aliyebuni hili sijui aligombana na nani.

Usije ukadhani dawa ni kukimbia kila kitu chenye umeme. Haibridi ya Toyota, iliyoanza na Prius 1997, ilinifanya nicheke niliposikia ina injini, mota mbili na betri ya volti za kuua. Nikajiambia hapa fundi atalia. Kumbe ukifungua giaboksi yake unakuta seti ya gia zinazozungukana muda wote: hakuna klachi, hakuna mkanda wa kuteleza, hakuna kinachobadilisha gia. Hata breki zinadumu, kwa sababu mota ndiyo inayopunguza mwendo mara nyingi. Betri itachoka siku moja, sawa. Lakini aliyelichora gari lile alikaa chini akapunguza vitu vinavyosuguana. Sasa ninachohesabu nikiangalia gari ni vitu vinavyosuguana, na kama kuna mtu mwenye spana anaweza kuvifikia.

Ndiyo maana Land Cruiser ya 70, iliyoanza 1984, bado inatengenezwa na bado inashikilia bei. Kulinganisha na pesa yake haina starehe yoyote. Wanunuzi wanalipia uhakika kwamba itafunguka na itafungika.

Skrini nitazisema kwa kifupi kwa sababu zinanipandisha presha. Kupunguza kiyoyozi kwa kupapasa kioo huku unaendesha ni upuuzi, na nafurahi kwamba Euro NCAP, wapimaji wa usalama wa magari Ulaya, kuanzia 2026 wanataka vitu kama wipa, indiketa na honi viwe na vitufe au swichi zake ndipo gari lipate nyota zote. BMW nao walijaribu kulipisha kwa mwezi joto la viti ambalo tayari limo ndani ya gari, wakaja kuachana nalo 2023. Wenye magari walipiga kelele, na zilistahili.

Juzi rafiki yangu alinipeleka nikalione gari analotaka. Muuzaji akawasha, skrini ikajaa picha kutoka mlango hadi mlango, rafiki yangu macho yakamng'aa. Nikaomba boneti ifunguliwe. Plastiki nyeusi imefunika kila kitu, imebaki tundu la maji ya wipa. Nikauliza giaboksi oili yake inabadilishwa lini.

"Hiyo ni ya maisha," muuzaji akasema.

Nilimtazama rafiki yangu. Alikuwa anachagua rangi.