Wenzetu Wameandika Hata Kwenye Mtungi

Ukihamia Ann Arbor, Michigan, utake usitake utaijua futiboli ya Kimarekani. Jumamosi za vuli mji mzima unavaa njano na bluu, watu wanachoma nyama kwenye maegesho tangu asubuhi, na uwanja uliofunguliwa 1927 unameza mashabiki zaidi ya 107,000. Huo ni uwanja wa chuo, si wa taifa. Kila Mbongo anayekuja kututembelea anapiga picha pale na kuirusha kwenye grupu, na majibu ni yale yale: "Sisi lini?"

Mimi naona tunatamani kisichofaa kutamaniwa. Uwanja ni hela, na hela hatuna. Kinachonitia wivu ni makaratasi yao.

Chukua msimu wa 1901. Timu ya Chuo Kikuu cha Michigan ilicheza mechi 11, ikashinda zote, ikapata pointi 550, na wapinzani wote kwa pamoja hawakupata hata moja. Buffalo walipigwa 128 kwa 0, na enzi hizo tachidauni, yaani kuufikisha mpira nyuma ya mstari wa mwisho wa wapinzani, ilikuwa na pointi 5 tu, si 6 kama sasa. Kocha alikuwa Fielding Yost, mzaliwa wa West Virginia, ndiyo kwanza amefika akitokea Stanford kule California. Stanford walikuwa wamepitisha kwamba kocha lazima awe mtu aliyesoma hapo hapo, basi jamaa akafungasha. Januari 1, 1902, waandaaji wa sherehe za maua za Pasadena wakaialika Michigan icheze na timu ya upande wa magharibi, na timu yenyewe ikawa Stanford! Yost akawatandika waajiri wake wa zamani 49 kwa 0. Neil Snow peke yake alifunga tachidauni 5. Wachezaji 11 wa Michigan walioanza ndio waliomaliza, na zikiwa zimebaki kama dakika nane nahodha wa Stanford akaomba yaishe. Waandaaji nao walikoma: futiboli haikurudi kwenye sherehe zile mpaka 1916, na hapo katikati waliona afadhali kushindanisha magari ya kukokotwa na farasi.

Haya sikuhitaji kumjua mtu ili niyapate. Chuo kina maktaba yake ya historia, Bentley, na kumbukumbu za timu zimewekwa mtandaoni bure, mechi kwa mechi, pamoja na majina ya wachezaji. Mtu anayetoka zamu ya usiku anakaa jikoni na simu yake, chai inapoa, na anajua kwamba mwaka ule wa 1901 timu ya Beloit nayo ilikula 89.

Lakini kilichonimaliza ni mtungi. Mwaka 1903 Michigan walikwenda Minneapolis kucheza na Minnesota. Wakanunua huko mtungi wa maji wa senti 30. Mechi ikaisha sare ya 6 kwa 6, mashabiki wakavamia uwanja, wageni wakaondoka na kuuacha. Mtunza vifaa wa Minnesota, Oscar Munson, akauokota. Wakaandika matokeo ubavuni kwa rangi: 6 ya Minnesota kubwa, 6 ya Michigan kadogo. Kwa utani huo hawa wangeishi vizuri tu Kariakoo. Hadi leo timu hizo zikikutana zinagombea mtungi ule, na matokeo yanaendelea kuandikwa juu yake.

Sasa twende kwenye shule niliyosoma. Ofisi ya mkuu ina kabati la vikombe. Kile kikubwa kuliko vyote kimekatika mkono mmoja, ndani yake kuna chaki na funguo ambazo hakuna anayejua ni za mlango gani. Nje hakuna neno, hakuna mwaka. Nilipouliza nikaambiwa, "Aa, hivyo ni vya zamani." Basi.

Ya timu ya taifa tunayo, nakubali. Kila anayependa mpira atakuambia Taifa Stars walikwenda Lagos 1980. Lakini jaribu kutafuta kikosi cha mkoa wako kilichokwenda UMISSETA, michezo ya shule za sekondari, miaka ya themanini. Utapata wazee wawili kijiweni na ubishi usioisha. Na ubishi huo ni mtamu, sitaki kuusema vibaya. Nyumbani mtu akishakuwa nahodha wa shule ataitwa Kepteni hadi siku anazikwa, na watoto wataonyeshwa bao lilivyoingia, nani aliteleza, refa alisimama wapi. Huku jirani yangu anazijua namba za 1901 lakini jina langu bado linamshinda. Shida ni kwamba Kepteni akizikwa, na mechi imezikwa.

Kuna atakayesema Wazungu wanatunza ili wajisifu. Ni kweli, lakini karatasi inawaumbua pia. George Jewett, mtu mweusi, aliichezea Michigan 1890 na 1892. Baada yake hakuna mweusi mwingine hadi Willis Ward, 1932, na miaka yote ya Yost kama kocha imo humo katikati. Kwa hiyo zile pointi 550 zilifungwa na timu ambayo mtu wa rangi yangu hakuwemo. Mwaka 1934 Georgia Tech walikataa kucheza kama Ward yumo uwanjani, na Michigan wakamweka nje kwenye uwanja wa kwao wenyewe. Mkuu wa michezo wa chuo wakati huo? Yost. Mwaka 2021 kamati ya chuo ikapendekeza jina lake liondolewe kwenye ukumbi wa michezo ya barafu. Wangekuwa na masimulizi ya kijiweni tu, tungebaki na 550 kwa 0 na Ward asingetajwa.

Kwetu hili halihitaji mfadhili wala semina ya siku tatu yenye posho. Ni kaunta buku moja, mwalimu wa michezo mmoja, na kopo la rangi ya mafuta kwa ajili ya vikombe. Nimejitolea kugharamia rangi, sasa tumekwama kwenye cha kuandika. Kwenye grupu la waliosoma pale wengi wanasema kile kikubwa ni cha mpira, wengine cha riadha, na dada mmoja anaapa kilikuwa cha kwaya.