Uwezo wa pikapu uko mlangoni, si kwenye sifa

Fungua mlango wa dereva wa pikapu yoyote kubwa hapa Marekani, tazama kwenye nguzo ya mlango. Kuna kibandiko cheupe chenye njano kinachosema: uzito wa abiria na mzigo kwa pamoja usizidi pauni kadhaa. Namba hiyo ni ya gari hilohilo lililo mbele yako. Kila nikikiona kibandiko hicho napata raha na hasira kwa pamoja, maana nyumbani kipimo chetu ni "springi bado hazijalala, ongeza mifuko mitano".

Najua jibu linalokuja: "Umeshakuwa Mzungu, unatufundisha kubeba saruji." Subirini kwanza, maana hesabu yenyewe inawapa nyinyi ushindi.

Chukua Ford F-150 ya milango minne, inayosukuma magurudumu yote. Matangazo yanasema inavuta zaidi ya kilo 6,000 ikiwa na vifaa vinavyotakiwa. Kibandiko cha mlangoni mara nyingi kinaangukia kati ya pauni 1,500 na 1,900, yaani kama kilo 680 hadi 860. Tuseme yako imeandikwa kilo 700. Pakia watu wazima watano wa kilo 80 kila mmoja: zimebaki 300. Funga tela la kilo 3,000. Tela linalokaa sawasawa barabarani hukandamiza ndoano kwa asilimia 10 hadi 15 ya uzito wake, kwa hiyo kilo 300 hadi 450 zinahesabiwa kama mzigo wako. Umemaliza, na hujaweka hata begi moja nyuma. Tela lenyewe hata nusu ya ile ahadi ya tangazo halijafika.

Sababu ni kwamba uzito wa juu ulioruhusiwa wa gari zima haupandi kwa kuongeza starehe. Viti vya ngozi vyenye mota, paa la kioo, ngazi za pembeni, vyote vinakatwa kwenye mzigo. Ndiyo maana ile ya bei ya juu kabisa mara nyingi inabeba kidogo kuliko ile ya kazi yenye viti vya kitambaa. Na uwezo wa kuvuta unategemea sana uwiano wa difu, yaani shafti inazunguka mara ngapi gurudumu likizunguka mara moja: 3.31 ni ya kuokoa mafuta, 3.55 ipo katikati, 3.73 ndiyo ya kuvuta. Msimbo wa difu nao umebandikwa hapohapo mlangoni, na muuzaji asipoujua, wewe unaujua.

Sasa iweke Hilux ya dabo kebini kando yake. Hapa haiuzwi, na ingeonekana mtoto. Lakini matoleo yake mengi ya kazi yameruhusiwa kubeba karibu tani moja. Gari dogo, injini ya dizeli ya lita 2.4, linabeba kihalali mzigo mkubwa kuliko dude lenye V8, injini ya silinda nane, ambalo halienei kwenye maegesho ya Kariakoo. Hilo nalisema kwa kifua mbele, na Wamarekani wenye pikapu hawapendi kulisikia.

Kinachoniudhi ni tunachoifanyia hiyo Hilux. Tunafunga bampa la chuma mbele, kanopi nyuma, keria juu, spea ya pili, na bado tunahesabu tani ileile. Kisha tunaenda kwa fundi aongeze majani mawili ya springi, tukiamini tumeongeza uwezo. Majani yanainua matako ya gari basi. Breki ni zilezile, ekseli na beringi zilezile, chesisi ileile. Dabo kebini ina bodi ndefu inayotokeza nyuma ya ekseli, na mzigo mzito ukikaa huko, chesisi hupinda au kupasuka pale nyuma ya kebini. Mkasema barabara ndiyo mbaya. Barabara ni mbaya kweli, lakini mzigo huo ungekaa mbele ya ekseli ya nyuma chesisi ingekuwa nzima.

Jambo la pili ni lilelile, kusoma namba badala ya kubahatisha, safari hii kwa upande wa ubovu. Magari yote madogo na pikapu za kawaida zinazouzwa hapa tangu modeli za 1996 lazima ziwe na soketi ya kupimia ya aina moja chini ya dashibodi, na yeyote mwenye skana ndogo ya kuunganisha na simu anasoma msimbo wa kosa. Nyumbani skana zipo, tena nyingi. Tunachokosa ni subira baada ya kusoma. Ikitokea P0301, yaani silinda namba moja inamisi, haichomi mafuta sawasawa, kwa nini plagi zote na koili zote zinazozipa umeme zinunuliwe siku hiyohiyo? Hamisha koili ya silinda ya kwanza uipeleke ya pili, futa msimbo, endesha. Ukigeuka P0302, koili ndiyo mbovu, nunua moja. Ukibaki P0301, hamisha plagi kwa mtindo huohuo. Bado? Pima kompresheni kabla ya kugusa nozeli. Na ujue silinda ya kwanza iko wapi: ukiwa umekaa kwenye kiti ukitazama mbele, kwenye V8 za Ford namba 1 hadi 4 ziko upande wa kulia na 5 hadi 8 kushoto, wakati GM (wenye Chevrolet) na Ram wanaweka witiri zote kushoto na shufwa kulia. Asiyejua hilo anahamisha koili isiyo yenyewe, kisha anailaumu kompyuta.

Kila injini ina tabia yake. F-150 za mwanzo zenye turbo, lita 3.5, kuanzia 2011, zilikuwa zinamisi na kukosa nguvu siku za unyevu: maji yanajikusanya ndani ya intakula, kipoza hewa ya turbo, ukienda mwendo wa taratibu, ukikanyaga ghafla yanavutwa kwenye injini. Ukibadili koili hutibu kitu. Za 2017 hadi 2020 zinakereza sekunde chache zikiwashwa asubuhi, na chanzo mara nyingi ni vizungushio vya kamshafti, vile vinavyobadili wakati wa valvu kufunguka. V8 za GM za lita 5.3 zinazozima silinda nne ili kuokoa mafuta huzima namba 1, 4, 6 na 7. Tapeti za silinda hizo, zinazosukuma valvu, zina pini ya kufunga na kufungua, na ndizo hasa zinazokwama. Ukisikia tiki-tiki na msimbo unataja mojawapo, na kompresheni imeshuka, jiandae kufungua hedi. Hemi, ile V8 ya Ram, ikigonga ikiwa baridi kisha ikanyamaza ikipata moto, tazama bolti za manifoldi ya ekzosi zilizokatika, kwa kawaida za nyuma. Isiponyamaza, shuku tapeti na kamshafti.

"Ndiyo maana tunanunua Toyota." Nilijua. Mwaka 2024 Toyota iliita magari kama 100,000 yarudishwe hapa Marekani, Tundra (pikapu yao kubwa) na Lexus LX za 2022 na 2023, kwa sababu mabaki ya chuma yaliyosalia kiwandani yanaweza kuua beringi za krenki. Mwaka uliofuata GM iliita karibu 600,000 zenye V8 ya lita 6.2 kwa matatizo ya krenki na konrodi, na zilizopita ukaguzi zikahamishwa kutoka oili ya 0W-20 kwenda 0W-40, iliyo nzito zaidi. Siichafui Toyota. Mwenye Tundra anaandika namba 17 za gari lake kwenye tovuti ya serikali na jibu linatoka bure. Gari letu lililotumika Japani halina namba 17, lina namba fupi ya chesisi, na tovuti ya hapa haitambui. Lakini tovuti za watengenezaji kule Japani zinaitambua, na ni wangapi wamewahi kuiingiza? Eabegi za Takata, zile zilizoitwa zirudishwe kwa sababu zinaweza kulipuka na kurusha vipande vya chuma, huharibika upesi zaidi penye joto na unyevu, yaani Tanga, Dar na Mombasa. Hapo siwezi kupunguza sauti, hata mniite nani.

Mafundi wetu wa Gerezani wanafufua turbo ambayo hapa ingetupwa nzima na bili ikaja ya maelfu ya dola. Mikono hiyo naiheshimu. Ninachoomba kwao ni kidogo: kabla ya kufuta msimbo au kutoa waya wa betri, soma pia kumbukumbu ya hali ya injini pale kosa lilipotokea, yaani mizunguko, joto la maji na mwendo, upige picha na kumpa mwenye gari. Ukitoa betri kwanza, magari mengi hupoteza taarifa hizo, na kinachofuata ni kubahatisha kwa pesa za mteja. Na wewe mwenye Hilux, siku ipo tupu na tangi limejaa, ipitishe kwenye mzani wa ghala la nafaka au chuma chakavu, toa namba hiyo kwenye uzito wa juu uliogongwa kwenye kibao cha chesisi, kisha toa uzito wenu mtakaopanda. Kinachobaki ndicho mzigo wako.