Mshahara ukichelewa, waambie watu mapema

Kampuni ikiishiwa fedha, wafanyakazi hujua kabla ya kuambiwa. Mhasibu hapokei simu, gari la mizigo limelala uani wiki nzima, na wauzaji wa malighafi wanakuja kudai getini. Kinachowaumiza zaidi wakati huo ni kuachwa wakisubiri bila neno. Ndiyo maana naamini huruma ya kiongozi huanza na siku anayochagua kusema ukweli.

Fikiria mwisho wa Januari hapa Uganda. Muhula wa kwanza unafunguliwa Februari na kila mzazi anatafuta karo. Aliyeambiwa tarehe 24 kwamba mshahara wa tarehe 30 utachelewa ana siku 6 za kuzungumza na bursari wa shule, mwenye nyumba na SACCO yake. Aliyeambiwa tarehe 30 jioni anakimbilia mkopeshaji wa mtaani na kumwachia kadi ya benki kama dhamana, na mkopo huo utamla miezi kadhaa. Mshahara uliochelewa ni uleule. Siku 6 zile ndizo alizokuwa nazo kiongozi, akazikalia.

Waite watu asubuhi, si Ijumaa jioni, maana wakiondoka na nusu ya habari, kundi la WhatsApp litajaza nusu iliyobaki kabla ya Jumatatu. Dakika 20 zinatosha. Taja kiasi kilichopo, taja usichokijua, kisha taja siku ya taarifa nyingine, na siku hiyo uje hata kama huna jipya. Viongozi wengi wenye moyo mzuri huharibu hapa: wakiona nyuso zimenyong'onyea, wanaahidi "wiki ijayo tu". Wiki hiyo ikipita, hata neno la kweli halisikilizwi tena. Wengine hugeuza kikao kuwa cha kueleza mikopo yao wenyewe, na wafanyakazi wanaishia kumpa bosi pole.

Halafu kuna suala la nani apate nini, na hapa nina msimamo. Tuseme mishahara ya watu 20 ni shilingi milioni 12 na iliyopo ni milioni 6. Wengi watampa kila mtu nusu. Inaonekana haki, lakini askari wa getini anayelipwa 240,000 atapata 120,000, na hana akiba ya kuziba pengo. Afadhali kila mtu apewe kwanza 200,000, jumla milioni 4. Milioni 2 zinazobaki ni robo ya deni la milioni 8 lililosalia, basi kila mmoja apewe robo ya anachodai. Askari atapata 210,000. Meneja wa milioni 2 atapata 650,000. Meneja atanung'unika. Mweleze kabla ya kikao, uso kwa uso, na deni la kila mtu liandikwe kwa karatasi yenye sahihi. Michango ya NSSF isiguswe: ile asilimia 5 iliyokatwa kwa mfanyakazi ni fedha yake, na pamoja na asilimia 10 ya mwajiri inapaswa kufika kabla ya tarehe 15 ya mwezi unaofuata.

Ukikaa na mtu mmoja mmoja, usiulize "Uko sawa?" Atajibu "Niko sawa, bosi," basi. Uliza: "Wiki hii kitu gani kinakubana zaidi?" Jibu huwa ni jambo dogo linalotatulika, kama barua kwa bursari au kubadilishiwa zamu.

Msiba nao una hesabu yake. Bahasha ya mabugo, yaani rambirambi, ni jambo jema, lakini kumpa mtu wa Kampala ruhusa ya siku moja akazike Arua, karibu kilomita 500, ni kumnyima. Mpe siku za kwenda, kuzika na kurudi, na mtaje atakayeshika kazi yake ili simu zisimfuate matangani.

Ugonjwa pia. Sheria ya Ajira ya 2006 inampa mgonjwa mshahara kamili kwa mwezi wa kwanza, kwa hiyo usiutoe kana kwamba ni hisani. Wakati wa Ebola, iliyotangazwa Mubende Septemba 2022, waliokutana na wagonjwa walifuatiliwa siku 21, na wengi wao waliogopwa hata baada ya siku hizo kuisha. Mtu wa namna hiyo akirudi kazini, waeleze wenzake kwamba muda umekwisha salama, kwa idhini yake, kisha siku ya kwanza ule naye chakula cha mchana meza moja.

Usiwasahau wasimamizi wa zamu. Wao ndio wanaotukanwa wakati wewe uko ofisini. Wape habari saa moja kabla ya wengine, pamoja na ruhusa ya kujibu, "Sijui, nitauliza leo na kukuletea jibu."