Mama, kiache hicho kirukia

Wiki jana nimempigia mama simu Dodoma, baada ya shikamoo na habari za nyumbani akaniambia kaita kijana akwee mwembe akate kirukia chote, ule mmea unaoota juu ya matawi na kuunyonya mti. Nikasema, "Mama, ungekiacha." Akacheka mpaka akakohoa. "Huko Australia wamekuharibu, mwanangu."

Labda kweli. Huu mwaka wa sita nipo Alice Springs, nahudumia wazee. Nje ya dirisha la mzee mmoja kuna mti wa jamii ya migunga yetu, umebebeshwa kirukia kama mzigo wa kuni, na humo ndege kajenga. Wenyewe humwita Spiny-cheeked Honeyeater, yaani mla asali mwenye miiba shavuni. Ana urefu wa sentimita 22 hadi 26, mdomo wa waridi uliochovywa ncha kwenye wino, jicho la buluu, koo rangi ya embe bivu. Hiyo "miiba" ni vinyoya vyeupe tu. Akiimba utadhani maji yanamiminwa kutoka kwenye kibuyu.

Ni ndege wa nchi kavu. Yumo karibu sehemu yote ya ndani ya bara hili, magharibi na kusini anafika hadi pwani, lakini kisiwani Tasmania hayupo. Hufuata maua na matunda, hasa matunda ya kirukia. Hutaga zaidi kati ya Julai na Januari, mayai mawili au matatu. Kiota chake ni kikombe cha nyasi kilichofungwa kwa utando wa buibui, kikaning'inizwa kwenye vitawi vya nje, ndani kimetandikwa nywele au sufu.

Haya nimefundishwa na yule mzee, aliyekuwa mkata manyoya ya kondoo. Ana miaka 88 na anataka nimwite kwa jina lake, mdomo wangu unakataa. Namwita "mzee", sasa anaitika. Siku moja akauliza: kwenu ndege wa maua ni yupi? Chozi, nikamwambia. Hutaga lini? Nikanyamaza. Mimi chozi nilimjua kwa manati tu.

Nikamuuliza mama. Hakufikiri hata kidogo: mvua zikishashika, kiota mfuko, mlango ubavuni, juu yake kibaraza, mara nyingi jirani na nyigu ili watoto wa watu wasisogee. Yaani mimi. Kwa hiyo wanaosema wazungu wanajua ndege kuliko sisi, siwaungi mkono. Wao wameandika, sisi hatujamuuliza mama.

Ila kwenye kirukia nabishana naye. Maua yake mekundu chozi huyanywa, nimeyaona tangu utotoni. Mama anasema chozi halipi ada, embe ndizo zilizokusomesha. Hapo sina jibu.

Jana kanitumia ujumbe wa sauti. Kabakiza tawi moja, la upande wa choo.