Natafuta Feki

Muuza viatu wa soko la Karume akitaka uamini maneno yake, hajisumbui na viapo. Anawasha kiberiti cha gesi, anakipitisha kiatu kwenye moto mbele ya macho yako, kisha anakusogezea puani: "Nusa mwenyewe, bosi. Ngozi tupu!" Kikinuka nywele zilizoungua, unalipa. Kikiyeyuka, unasonya na kuhamia meza ya jirani.

Mimi nilikuwa mteja anayeomba kiyeyuke.

Vitu vya wanyama niliviacha vyote, kuanzia supu ya asubuhi hadi mkanda wa suruali. Nyumbani walishazoea, isipokuwa mama, ambaye mpaka leo huniwekea dagaa pembeni ya ugali akidai dagaa hawahesabiki. Miguuni nilikuwa na katambuga, tairi la gari kwa tairi la gari, roho safi. Ikaja harusi ya binti wa mama mkubwa, suti nyeusi, viatu vyeusi, na mama akatoa tamko: "Ukitokea na hayo matairi yako, mimi sikujui."

Sikuwa na wasiwasi, maana kutafuta ndiyo fani yangu. Usiku bando likiwa rahisi huwa niko ndani ya World of Warcraft, gemu la mtandaoni, na mhusika wangu, kuhani. Nilimchagua kuhani kwa sababu kule makuhani huvaa vitambaa tu. Ngozi wameachiwa wengine. Wangu hawindi, hachuni. Anatembea. Gemu lile linakupa pointi ukifika mahali papya: unakanyaga tu, kipande cha ramani kinafunguka, jina la mahali linajiandika. Ukichuma maua nayo unapata pointi. Yupo mchezaji anayejulikana kwa jina la Doubleagent, panda aliyegoma kuchagua upande wa vita, akabaki kwenye kisiwa cha kuanzia akichuma majani na kuchimba madini hadi akafika leveli 90. Tangu 2008 ukiizunguka dunia yote unapewa na cheo cha Mgunduzi. Mimi ninacho. Nimepita katikati ya mamba wanaoweza kunimeza kwa pumzi moja, nikafa, nikarudi mzimu kuutafuta mwili wangu, nikaendelea. Karume ingenishinda na nini?

Basi nikaingia na mbinu zangu zilezile: anza pembeni, usiruke kichochoro. Na silaha ninayo. Viatu vya mitumba vilivyouzwa kwanza Ulaya huwa na vialama vidogo, chini ya ulimi au kwenye soli, kufuatana na sheria yao ya 1994. Umbo la ngozi iliyowambwa ni ngozi. Kimkeka ni kitambaa. Uru, ileile ya kwenye karata, ni malighafi nyingine, yaani plastiki na ndugu zake. Na kila sehemu ina alama yake: juu, ndani, soli. Kiatu kinaweza kukuonyesha uru juu, ukafurahi, kumbe ndani kimetandikwa ng'ombe. Kwa hiyo nikawa nainama kila meza, tochi ya simu imewashwa, nafunua ulimi, nasoma, narudisha, nahamia kingine. Pale wino ulipofutika nikawa napiga picha ili nikuze.

"Hiki ni feki?" nikauliza.

"Feki? Hapa?" Muuzaji akashika kifua. "Bosi, sisi tunauza og tu."

"Mimi nataka feki."

Akanitazama kuanzia kichwani, akafika kwenye katambuga, akarudi juu. Kisha akapiga mluzi mfupi.

Sikuuelewa ule mluzi mpaka nilipofika kichochoro cha tatu na kukuta maturubai yanashushwa saa nne asubuhi. Habari ilikuwa imenitangulia: kuna jamaa wa TBS, wale wa viwango, kavaa kimasikini kujificha, anapiga picha lebo na kuuliza feki. Kule mbele nilikuwa nimeshapandishwa nikawa wa TRA, mtu wa kodi. Kila nilipokanyaga ramani ilijifunga badala ya kufunguka. Viatu vya plastiki, ambavyo siku nyingine vinakupigia kelele hadi barabarani, vilipotea vyote. Nilionyeshwa ngozi za Italia, ngozi laini, ngozi zenye harufu ya zizi. Mzee mmoja alinikaribisha kiti, akaniagizia kahawa na kashata, akaniletea leseni yake ya biashara bila kuombwa.

Aliyeniokoa ni winga mmoja mwembamba, kofia nyuma mbele. Akanivuta kando ya mama lishe. "Braza, wewe si wa TBS."

"Umejuaje?"

"Mtu wa TBS angekuwa ameshakula hela."

Nikamweleza shida yangu. Alinisikiliza kwa huruma kama anayepewa habari za msiba, akanipitisha uchochoro, stoo, ngazi, stoo nyingine, mpaka kwenye gunia lililofungwa kwa kamba. Ndani mlikuwa na jozi moja nyeusi inayong'aa, uru juu, uru ndani, uru soli. Namba yangu! Akawasha kiberiti: ikayeyuka vizuri kabisa. Bei elfu sitini. Ngozi halisi mezani zilikuwa thelathini na tano.

"Feki ya siku hizi adimu, braza. Soko limechafuka, kuna msako."

Nikalipa gharama za msako wangu mwenyewe.

Ukumbini nilipendeza hadi mama akanitambulisha kwa watu. MC akaita upande wa bibi harusi tukatunze, muziki ukapanda, tukaingia kwa mstari tukicheza. Nusu ya njia nikasikia mguu wa kulia umekuwa mfupi. Fundi viatu alinifafanulia baadaye kwamba soli za aina ile, poliyurethani, zikikaa stoo miaka kwenye joto na unyevu wa Dar huoza kimyakimya; juu kiatu kinang'aa, chini kimeshakuwa unga. Unga wenyewe ulikuwa mweusi, na sakafu ya ukumbi ilikuwa vigae vyeupe.

"Jamani," MC akasema kwenye maiki, "nani anamwaga mkaa?"

Ukumbi mzima ukafuata mstari kwa macho, kutoka mlangoni, kuzunguka keki, hadi kwangu. Nikapiga hatua ya kujificha na kisigino cha kushoto nacho kikabaki nyuma. Mama alikuwa ameshageukia upande mwingine, anazungumza na watu asiowajua.

Jikoni kijana anayeosha masufuria alinionea huruma, akanivulia mabuti yake ya mvua, ya kijani. Nikayapindua kwanza. Plastiki, juu mpaka chini. Nikayavaa na suti, nikarudi ukumbini kwa heshima zote, na sijafika kwenye kiti changu bibi mmoja wa upande wa bwana harusi akanishika mkono.

"Mwanangu, nyie wa jikoni, meza hii mmetusahau. Fanta mbili, moja ya moto. Na nyama iongezwe."

Fanta nilimletea.