Upepo wa Kusi Usikuchagulie Draiva

Kila mara upepo wa kusi unapoanza kuvuma Malindi, kuanzia Aprili hivi, wanagofu wapya hupewa ushauri uleule: watafute draiva (fimbo ndefu ya kupigia mpira mbali) yenye uso uliosimama, wenye mwinamo wa nyuzi 9 au hata chini ya hapo, ili mpira uende chinichini upepo usiupate. Ushauri huo hutolewa kwa nia njema, tena mara nyingi na watu wanaocheza vizuri sana. Hata hivyo, naamini kwamba hakuna kinachowatesa wageni wa mchezo huu kuliko draiva ya aina hiyo, na anayeanza kucheza hapa pwani angefaidika zaidi kwa kununua ya nyuzi 10.5, au 12 akiipata.

Mpira wa gofu haukai hewani kwa nguvu ya pigo peke yake. Ukipigwa vizuri huruka huku ukizunguka kinyumenyume, na mzunguko huo ndio unaoubeba. Wachezaji wa kulipwa wa PGA Tour, mfululizo wa mashindano ya Marekani, hupitisha kichwa cha draiva kwenye mpira kwa kasi ya takriban maili 115 kwa saa, na kwa kasi hiyo hata uso wenye mwinamo mdogo huupandisha mpira vya kutosha. Mwanagofu mpya mwenye kasi ya maili 80 au 90 akiitumia draiva hiyohiyo, mpira hutoka chini, hukosa cha kuubeba, na huanguka mapema. Kisha huja madhara ya pili, ambayo kwa maoni yangu ndiyo makubwa zaidi: akiona mpira haupandi, mchezaji huanza kuegemea nyuma ili aunyanyue, uso wa draiva hufika kwenye mpira ukiwa wazi, yaani umegeukia kulia, na mpira hupinda kulia, yaani ile slaisi inayojulikana na kila anayetumia mkono wa kulia. Mwinamo mdogo huizidisha slaisi hiyo, kwa sababu kosa lilelile la uso hulaza zaidi mhimili wa mzunguko wa mpira pale ambapo mzunguko wa kinyumenyume ni mdogo. Aliyekusudia kuukwepa upepo huishia kuupelekea mpira unaopinda, na upepo wa baharini huusukuma huo hadi vichakani.

Kuna pia suala la ushauri unaotoka Nairobi, ambako gofu ya Kenya ina viwanja vingi na wachezaji wengi. Viwanja vya huko viko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, na katika hewa nyepesi ya kule mpira husafiri mbali zaidi kuliko huku kwetu. Mtu anayekuambia kwamba draiva yake humpa yadi kadhaa za ziada huenda anasema kweli tupu, lakini yadi hizo hazitateremka naye hadi Malindi.

Kuhusu mpini, watu wengi huchagua ule ulioandikwa S, yaani mgumu, kwa kudhani kwamba R, yaani wa kawaida, ni wa wanyonge. Mpini mgumu kupita kasi ya mikono yako mara nyingi huufanya uso uchelewe kufunga, na tunarudi kwenye slaisi. Urefu nao una uzito wake. Draiva nyingi za dukani zina inchi 45 na zaidi, ilhali Tiger Woods alishinda Masters ya 1997, mojawapo ya mashindano makubwa ya gofu, kwa tofauti ya mapigo 12 akitumia mpini wa chuma wa inchi 43.5. Sidai kwamba anayeanza amuige Woods kwa chuma kile kizito, bali kwamba mpini mfupi kidogo humsaidia kuugonga mpira katikati ya uso, na mpira uliogongwa katikati ndio unaokwenda mbali.

Bei isimtishe mtu. Draiva mpya hugharimu makumi ya maelfu ya shilingi, na muuzaji atakuambia kwamba ya mwaka huu inarusha mbali kuliko ya mwaka jana. Ukweli ni kwamba kanuni ziliweka kikomo cha ukubwa wa kichwa kuwa sentimita za ujazo 460 tangu 2004, na kunesa kwa uso pia kuna kikomo chake, ambacho watengenezaji walikwisha kukifikia zamani. Draiva ya mtumba iliyotunzwa kwa miaka 8 inamtosha kabisa anayejifunza.

Ila ya mtumba hukaguliwa, hasa ikiwa imekaa pwani. Itikise karibu na sikio: kikisikika kitu kinachocheza ndani, huenda gundi imebanduka. Mulika uso kwa tochi ya simu ukiigeuza polepole, kwa kuwa ufa mwembamba hauonekani ukiangaliwa moja kwa moja. Ikiwa ni ya kurekebishwa mwinamo, tazama skrubu iliyo chini ya shingo, pale mpini unapoingia kichwani, ambapo chumvi ya bahari huanza kula mapema, na uhakikishe kwamba inafunguka. Draiva za aina hiyo ndizo ninazozipendelea kwa anayeanza, kwa sababu katika nyingi kati yake kuongeza mwinamo hufunga uso kidogo pia, na hilo ndilo hasa analolihitaji mwenye slaisi. Kishikio kilichoota ugumu kwa jasho na joto kisikuzuie, maana hubadilishwa kwa fedha kidogo.

Kabla ya kulipa, omba uipige asubuhi kabla upepo haujakolea, kisha uipige tena alasiri, huku kedi (mbeba fimbo) mzoefu akisimama nyuma yako na kukuambia mpira umeanzia wapi na umepindia wapi. Muuzaji akikataa ijaribiwe hivyo, mrudishie.