Ithibati ya polisi: anakaguliwa askari au kabati la mafaili?

Marekani ina idara za polisi zipatazo 18,000, na nyingi ni ndogo kupita unavyodhani. Chukua kituo cha askari saba. Mkuu ndiye anayepanga zamu na ndiye anayeamshwa usiku. Sasa sema sheria ya jimbo inamtaka pia apate ithibati, yaani hati kwamba kituo kimekaguliwa na kufikia viwango, na aandae mafaili ya kuthibitisha bunduki zinahesabiwa lini, vielelezo vinafungiwa wapi na mahabusu anachunguliwa kila baada ya muda gani.

Connecticut ilithubutu. Julai 2020, miezi miwili baada ya George Floyd kuuawa na polisi Minneapolis, ilipitisha sheria ya kuzitaka idara zake zote ziwe na ithibati ya CALEA, chombo cha kukagua idara za polisi kilichoanzishwa 1979 na vyama vya wakuu wa polisi wenyewe. (Ndiyo, kesi ya nyani hiyo.) Baadaye masharti yakalegezwa, idara zikaruhusiwa kufuata ithibati ya jimbo. New York ina mpango wake tangu miaka ya 1980, ila kujiunga ni hiari. Kasoro ya hiari ni kwamba anayejitokeza kukaguliwa ni yule aliyekwisha kufagia nyumba yake. Kwa hoja hiyo peke yake, mimi niko upande wa sheria.

Lakini Minneapolis inanikwaza. Tangu 2016 idara ile ilikuwa na kanuni ya maandishi: askari akimwona mwenzake anatumia nguvu kupita kiasi, lazima aingilie. Askari Derek Chauvin alimkandamiza Floyd shingoni kwa goti zaidi ya dakika 9, na kati ya wenzake watatu hakuna aliyemwondoa. Mkaguzi wa makaratasi angeikuta kanuni hiyo imepigwa chapa safi, akatia tiki, akaenda kula.

Kwa hiyo sheria isiishie kudai kanuni. Mkaguzi achague mwenyewe ripoti kumi za matumizi ya nguvu, azilinganishe na video za kamera za kifuani, na alichokiona kitangazwe hata kama kinaaibisha.

Pagumu zaidi ni adhabu kwa idara inayoshindwa ukaguzi. Ukikifunga kituo cha askari saba, anayeumia ni mama anayepiga simu saa nane usiku na kuambiwa asubiri gari la mji wa jirani. Afadhali jimbo limwondoe mkuu, lilete kaimu, na gharama za ukaguzi lizibebe lenyewe.